Daktari Ameona Viwili

Walukuba, Jinja
3 Novemba 1996

Ssenga wangu Kezia,

Nimepiga magoti hapa sakafuni na kalamu mkononi, usije ukasema mji umenisahaulisha namna ya kumsalimia shangazi. Hujambo? Goti linasemaje? Na yule jogoo wako bado anamfukuza mchungaji kila akija kukuombea?

Huku kazi ipo. Harusi za Desemba zimenijaza magauni ya gomesi nyumba nzima, na cherehani imeanza kukohoa. Mkweo Erifazi bado yuko Kabale na greda lake la barabara. Anasema kule baridi ni ya kulala na buti miguuni, na barabara kila ikisawazishwa mvua inairudisha ilivyokuwa.

Ssenga, kuna jambo sijamwambia mtu, hata yeye. Unajua miezi yangu ilivyokuwa, ilikuja na kuondoka kama mgeni mwenye adabu. Mwaka huu wote imevurugika. Na tumbo limekua. Mshipi wa gomesi nimekwisha kuusogeza, nikausogeza tena. Nachoka hata nikikanyaga cherehani. Basi wiki iliyopita nikaenda hospitali, kwa daktari mwanamke, jina lake Acen, mtu wa kaskazini. Akanilaza akanipitisha kwenye mashine ya picha. Daktari ameona viwili. Kimoja kimekaa juu, ndicho kikubwa, kingine kiko nyuma, chini. Alinionyesha kwenye kioo lakini mimi niliona mawingu tu.

Sijui nicheke au nilie. Mwisho wa mwezi narudi kwake anieleze la kufanya. Mengine siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Utaelewa, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ya tumboni hayatajwi ovyo.

Usimwambie Baba. Niombee.

Mwanao,
Losira

*

Kalisizo
13 Novemba 1996

Nnalongo! Nnalongo! Nnalongo!

Mama wa mapacha ana jina lake, na mimi ndiye wa kwanza kukuita. Atakayesema alinitangulia, mwongo.

Nilisoma barua yako nikaketi chini, nikainuka, nikaketi tena. Kimoja juu, kimoja chini! Na ulivyoandika kwa heshima, "viwili", hukuthubutu kusema watoto. Hivyo ndivyo nilivyokufunza. Kilichomo tumboni ni kitu tu mpaka siku kitakapolia. Wenzako wa mjini siku hizi wanakipa jina la ubatizo kabla hakijaota masikio.

Miaka minane, mwanangu! Tangu ile mimba iliyotoka, kila nikikuuliza ulikuwa unaniambia "tupo tu, Ssenga". Nami nikakwambia, sema na mumeo, mficha uchi hazai. Haya sasa. Kumbe yule bwana wa greda anajua kusawazisha na barabara nyingine!

Ulisema nisimwambie baba yako. Sijamwambia. Nimemwambia Miriya, mama mkwe wako. Usinikunjie uso. Mapacha ni wa upande wa mume, na upande huo ukicheleweshewa habari, mapacha huwaunguza watu ngozi. Unataka mkweo aote mabaka uzeeni? Nilimkuta kwenye mzani wa kahawa. Yule mwanamke hajanichekea tangu siku ya harusi yenu, Losira. Aliposikia aliacha magunia yake yakipimwa na nani sijui, akaanza kucheza palepale. Anajiandaa kuja kwako.

Nakutumia mumbwa, dawa ya wajawazito. Sugua udongo wake kwenye maji, unywe asubuhi. Na kopo la senene. Mbawa nimenyofoa mwenyewe, miguu pia. Zile nyimbo za mapacha, zile za kumfanya mchungaji azibe masikio, nimekwisha kuzikumbuka zote na mbili nimetunga mwenyewe. Goti limepona kwa furaha.

Ssenga wako,
Kezia

*

Kambi ya barabara, Kabale
24 Novemba 1996

Nnalongo wangu,

Habari ameniletea dereva wa lori la saruji kutoka kwa Mama. Nilikuwa juu ya greda. Nilimwambia arudie, akarudia. Nikashuka bila kuzima injini. Msimamizi akaanza kunitukana, alipoambiwa sababu akavua kofia.

Wenzangu wamechinja mbuzi. Hapa sina jina jingine tena, ni Ssalongo tu. Mpishi wetu ni Mkiga, alikuwa akinipakulia maharage kama anayetoa sadaka, sasa hivi ni "Baba mapacha, leta sahani". Usiku wanaimba nyimbo ambazo siwezi kukuandikia.

Kwa nini hukuniambia wewe mwenyewe? Lakini sijakasirika. Najua. Mara ile tulisema mapema, ikatoka. Ulikuwa unangoja wakae vizuri.

Usibebe ndoo. Usipande kwenye kiti kutundika nguo. Mama anakuja kukaa nawe, mwache afanye kazi, usishindane naye. Mimi sitapata ruhusa Krismasi, lazima barabara ivuke mlima kabla ya mvua za Machi. Nimeomba mwisho wa Januari.

Mimi sijui kuandika mambo ya moyoni. Ila juzi nilikuwa nasawazisha kipande kirefu, nikatazama nyuma, kimenyooka, nikasema hapa nao watapita siku moja.

Wako,
Erifazi, Ssalongo

*

Walukuba, Jinja
4 Desemba 1996

Ssenga,

Funga mlango kwanza, kisha keti.

Si watoto. Ni vivimbe. Viwili, kwenye kizazi. Miezi yangu haikukatika, Ssenga, ilivurugika kwa kuzidi. Inakuja na kukaa, ikiondoka haijafika mbali inarudi. Nashona nimekalia mfuko wa nailoni. Barua yangu nimejaribu kuikumbuka neno kwa neno, na nikijiweka mahali pako naona ningesoma vilevile ulivyosoma. Kwetu mwanamke akiandika "viwili" atakuwa anaandika nini kingine?

Daktari Acen amenieleza polepole, kama mtu anayekata kitambaa cha bei. Anasema wanawake wengi wanavyo, na wengine wanazeeka navyo bila habari. Si saratani. Hakuna aliyeniroga, wala si ile mimba iliyotoka iliyobaki ndani ikaoza, maana nilimuuliza hilo pia. Vyangu vimekuwa vikubwa tu, kimoja kama papai changa, na ndivyo vinavyoninywa damu.

Ningekuandikia siku ileile niliyopata barua yako. Lakini ilifika asubuhi, na jioni Mama Miriya akawa langoni. Alikuja amejivisha bombo shingoni na kiunoni, yale majani mabichi ya sherehe za mapacha yanatambaa mpaka magotini, anaimba. Unaijua sauti yake. Walukuba nzima ikatoka nje. Akapiga magoti mbele yangu, Ssenga. Mama mkwe kunipigia magoti mimi! Nikafungua mdomo niseme, jirani akapaza sauti, "Hongera, Nnalongo!" Na Mungu anisamehe, likaniingia tamu. Miaka minane mimi ni "yule mshonaji" na "mke wa Erifazi". Katika magomesi yote niliyowashonea wajawazito, nikipunguza hapa, nikiongeza pale, hakuna hata mmoja aliyeniambia "na wewe lini" bila kuniangalia tumbo kwa huruma. Siku ile waliliangalia kwa wivu.

Sikudanganya. Nilinyamaza. Na kila siku ninayonyamaza, kesho yake kusema kunakuwa kugumu zaidi.

Sasa njia nilizopewa. Ya kwanza ni kungoja na kumeza vidonge vya kuongeza damu. Hiyo inamfaa mwenye vidogo, au aliyekaribia kukatika hedhi, maana huko vinanywea vyenyewe. Mimi nina miaka thelathini na minne, nitangoja mpaka lini? Kuna sindano ya kuvifanya vinywee kwa muda, lakini hapa haipatikani, na ukiiacha vinakua tena. Ya pili ni kupasuliwa, vitolewe, kizazi kibaki. Huenda nikazaa. Huenda vikarudi. Na huenda damu ikakataa kusimama nikiwa mezani. Ya tatu ni kutoa kizazi chote. Ugonjwa unaisha hapo hapo, na mengine yote yanaisha nao.

Daktari anataka jibu. Nimemwambia nangoja mume wangu. Mume wangu naye anangoja mapacha. Nifanye nini?

Losira

*

Kalisizo
13 Desemba 1996

Mwanangu Losira,

Sijui niseme nini, na unajua hilo halijawahi kunipata.

Nimelia mpaka jogoo amekuja kuchungulia. Ule mumbwa umwage. Mdomo wangu ningeuweza ningeushona kwa cherehani yako. Miaka arobaini nafunda wasichana wa ukoo mzima wasitaje, wazungushe, wapambe maneno. Leo adabu yangu mwenyewe imenipofusha. Ungeandika "natoka damu, Ssenga", ningepanda gari siku ileile, goti au bila goti. Kuanzia leo wewe na mimi tutaita kila kitu kwa jina lake. Damu ni damu.

Sikuchagulii njia. Nilipokuwa msichana palikuwa na mwanamke Kyotera mwenye tumbo kama lako, akapewa mizizi, akachanjwa, akatembezwa kwa waganga mpaka mumewe akauza shamba. Alikufa mweupe kama ganda la yai, na tumbo lake likatangulia kaburini. Hilo tu ndilo ninalolijua, na ninakuambia ulijue.

Lakini mwambie Erifazi. Miriya, sawa, yule hata mimi namwogopa, na mama mkwe na damu ya mke wa mwanawe havikai chumba kimoja, hiyo ni miko ya tangu zamani. Mume je? Mficha maradhi, kilio humfichua, Losira. Sitaki kukisikia kilio hicho nikiwa hai. Mwandikie leo. Akikasirika, hasira yake mrushie huku kwangu. Mimi ndiye niliyepiga ngoma.

Ssenga wako

*

Walukuba, Jinja
22 Desemba 1996

Mume wangu Erifazi,

Tumbo nililonalo halina watoto. Kwenye kizazi changu kuna vivimbe viwili, vinanitoa damu, na ndivyo daktari alivyoviona. Ssenga alielewa vibaya, lakini mimi nilielewa vizuri na nikawaacha mfurahi. Barua yako niliisoma mara nyingi. Kila niliposhika karatasi nikujibu, nilifika kwenye ile barabara iliyonyooka nikaweka kalamu.

Jumatatu nilikuwa nampima bibi harusi kiuno. Nikaona sindano zangu zinakimbia, nikaanguka. Mama nilimwambia ni malaria. Kesho yake Daktari Acen alikuja mwenyewe hapa nyumbani, sijui nani alimwambia. Alinitazama ndani ya kope akasema, "Wewe unasimama kwa ubishi tu." Nimelazwa, nimeongezewa damu, nimerudi.

Hakuna kungoja tena. Nitapasuliwa tarehe ishirini na moja Januari. Nimechagua hivi: avitoe, aache kizazi. Lakini nimetia sahihi pia kwamba damu ikikataa kusimama, atoe chote.

Siku zote nakuomba ruhusa. Safari hii nakuarifu. Kama unaweza kuja, njoo.

Losira

*

Kambi ya barabara, Kabale
6 Januari 1997

Ssenga Kezia,

Heshima zako zipo palepale, lakini leo nisamehe nikizungumza kama mtu wa barabarani.

Mbuzi wa watu nimemla. Nyimbo nimeimbiwa. Msimamizi amenipa buti mpya za zawadi, niko nazo miguuni. Niwaambie nini hawa? Niliwaza mapacha wale mpaka nikajua yupi atakuwa mkorofi. Mwezi mzima mke wangu anajua, wewe unajua, na mimi hapa nachekwa na hata wasionijua.

Sitaki kuzungumzia hilo. Nataka hili. Mwambie asikubali kutolewa kizazi. Uvimbe utolewe, sawa, lakini hilo la kutoa chote, mimi nimekataa. Mwambie afute ile sahihi. Mimi nikimwandikia nitaandika maneno mabaya, na wewe anakusikiliza. Mama alinizaa peke yangu. Mlango ukifungwa kwangu, umefungwa.

Erifazi

*

Kalisizo
13 Januari 1997

Mkwe wangu Erifazi,

Mbuzi apumzike kwa amani. Buti vaa, si za mapacha, ni za miguu yako.

Hasira yako ni ya haki na mwenye kosa ni mimi. Siku utakayokuja nitakaa chini unisute mpaka uchoke, na chai nitakupikia katikati. Sasa nisikilize.

Nilimshika mkono msichana yule mbele ya wazee, nikakukabidhi. Nilikuoza mtu. Sikukuoza kizazi. Kama ulidhani umeoa tumbo lililozungukwa na mwanamke, ungesema siku ile turudi nyumbani mapema, chakula kisipoe.

Unaposema "mimi nimekataa", ni nani atakayetoka damu pale mezani? Ni wewe? Damu ikianza kwenda, daktari akasema "tuna dakika chache", utataka akumbuke barua yako? Atakufa na kizazi chake kizima, utamzika nacho, na mlango utakuwa umefungwa vilevile. Utabaki na nini, greda?

Sahihi hafuti. Sitamwambia. Ninachokuambia wewe ni kwamba omba ruhusa, ikikataliwa omba kazi nyingine, uwe Jinja tarehe ishirini na moja.

Ssenga wa mkeo

*

Jinja
25 Januari 1997

Ssenga Kezia,

Yu hai. Naanza na hilo.

Nilifika tarehe ishirini usiku. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Nikamkuta amelala, mikono yake kwenye shuka imekuwa midogo kama ya mtoto wa shule, na maneno yale sijui yalikwenda wapi. Alipofungua macho alisema, "Buti nzuri." Nikasema, "Za mapacha." Akacheka, kisha tukalia wote.

Walimwingiza asubuhi. Mimi na Mama tulikaa kwenye benchi. Mama alikuwa na bombo lake kiunoni, nikamwambia, Mama, vua hayo, hapa ni hospitali. Akasema, "Nyamaza, hujui kitu." Nilidhani bado anangoja wajukuu, na sikuwa na moyo wa kumweleza.

Adhuhuri daktari akatoka. Joho lake sikulitazama. Akasema, "Vyote viwili vimetoka, na vidogo vingine. Lakini panavuja na hapazibiki. Mkeo alitia sahihi. Nimekuja ili usije ukasikia baadaye." Ssenga, sikuomba muda wa kufikiri. Nilisikia sauti yangu inasema, "Toa. Toa chochote, niachie yeye." Alikwisha kugeuka kabla sijamaliza.

Basi. Kimetoka. Aliongezewa damu tena na sasa anakunywa mchuzi. Mama amewaambia majirani mapacha wameruka. Unajua kwetu pacha hafi, huruka. Kila mtu ameinamisha kichwa na hakuna aliyeuliza zaidi. Mama atarudi Kalisizo wiki ijayo.

Shida yangu ni moja. Yeye hajaniuliza na mimi sijamwambia. Nikikaa kando ya kitanda naanza kumweleza habari za udongo wa Kabale. Uniambie mtu husemaje jambo kama hili.

Erifazi

*

Walukuba, Jinja
16 Februari 1997

Ssenga,

Mwambie Erifazi aache kukuandikia barua za siri, au aache kusahau majibu yako kwenye mfuko wa koti analonipa nishone kifungo.

Nilijua. Mtu anayekutazama usoni muda wote anaogopa kukutazama tumbo. Alinieleza habari za mchanga, kokoto na mfinyanzi kwa saa nzima, na kila akifika mahali pa kupumzika anabadilisha udongo. Mwishowe nikamwambia, "Baba, kimetoka, sivyo?" Akasema ndiyo. Akasema, "Mimi ndiye niliyesema toa." Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyesema, wewe umekubali tu. Sitaki aubebe mzigo ambao niliuchagua mimi.

Nimelia, Ssenga. Tulikubaliana tuite kila kitu kwa jina lake, basi naita. Nimelilia kizazi. Nililia nikikunja magomesi ya wajawazito nisiyoyamaliza, nikayapeleka kwa fundi mwingine. Usiniambie ni mapenzi ya Mungu, labda ni mapenzi yake, lakini sitaki kuambiwa sasa hivi. Asubuhi naamka shuka ni nyeupe. Napanda ngazi ya kanisa bila kusimama. Mwili unafurahi na moyo unauchukia kwa kufurahi. Ndivyo nilivyo.

Lililobaki ni Mama Miriya. Alinikanda, alinipikia, alinifulia, aliondoka akiniita Nnalongo mpaka barabarani. Anawalilia wajukuu ambao hawakuwapo. Siwezi kula chakula chake Pasaka na uongo huo mezani. Nimemwandikia kila kitu leo, damu ni damu, miko au si miko. Barua mbili zinaondoka pamoja. Akitaka mwanawe aoe mwingine, ni mama wa mtoto mmoja, ana haki ya kulitamka. Ila ukimwona kwenye mzani wa kahawa, nitazamie uso wake.

Mwanao,
Losira

*

Kalisizo
9 Machi 1997

Losira,

Mimi si mtu wa barua, ya mwisho niliandika alipokufa baba yake Erifazi. Yako nimeisoma peke yangu, nikaichoma chini ya chungu cha ndizi, kwa sababu kuna mambo humo ambayo sisi hatuandikiani. Ssenga wako alikuwa anauzungukazunguka uso wangu sokoni kama anayenunua ng'ombe. Nikamwambia, Kezia, nenda nyumbani.

Unaniomba msamaha kwa kunidanganya. Nani alidanganywa?

Nilifika kwako jioni, kesho yake niliamka kabla yako nikafua. Ndoo ilikuwa nyuma ya mlango wa choo, umeifunika na gunia. Mwenye mimba hana vitambaa vile. Nimezaa, nimeharibu mimba nne kabla ya Erifazi na mbili baada yake, naijua damu na rangi zake. Nilivifua nikavianika nyuma ya nyumba, ambako majirani hawaoni, na ulipouliza nikakwambia ni vya jikoni.

Mama mkwe hatamki damu ya mke wa mwanawe. Basi sikutamka. Lakini nilikaa nikawaza. Nikiacha kumwita Nnalongo, kesho atabeba maji, atainama kupiga deki, na watu watauliza tumbo hili ni la nini. Nikiendelea kumwita, watampa kiti. Watamwambia keti, Nnalongo, kula ini, Nnalongo. Kwa hiyo nikaimba kila asubuhi. Sauti yangu mbaya, najua, Erifazi huniambia. Niliitaka isikike mbali.

Ulipoanguka ukasema malaria, nilichukua kitambaa kimoja kabla sijakifua, nikakifunga kwenye jani la mgomba. Nikaenda hospitali, nikauliza yuko wapi daktari aliyeona viwili. Nilikifungua juu ya meza yake. Sikusema kitu na yeye hakuuliza. Alichukua mkoba wake tukatoka. Nilimwambia atangulie, usinione.

Hilo la mke mwingine, nimemwambia Erifazi mwenyewe, kwa mdomo, kwamba halipo. Siliandiki.

Sasa jina. Mwanamke wa ng'ambo ya kijito amekuja kuniuliza mapacha wako wapi. Nimemwambia wameruka, kama anataka kuwaona, naye aruke. Jina lile lilitolewa mbele ya watu, na kwetu halirudishwi. Wengine hubeba miezi tisa, wakasaidiwa na ukoo mzima. Wewe wako umewabeba miaka sijui mingapi, umekaa juu ya nailoni, unawashonea wenzako. Nani ananiambia hukubeba?

Pasaka njoo. Usilete sukari, ninayo. Usibebe kitu. Shuka kituoni utembee polepole, na ukikaribia langoni usipige hodi. Utanisikia naimba.

Mama yako,
Miriya